Shahada Mbili, Karatasi Moja

Mbuzi wa Mzee Aminieli alikuwa mzee kuliko mbuzi wote wa Gonja, na kilichomzeesha ni elimu ya juu. Alizaliwa mwaka uleule Koleta, binti wa mzee huyo, alipokwenda chuo kikuu, na kabla hajaota pembe alikwisha kutengwa: huyu ni wa sherehe ya mahafali, asiguswe. Mbuzi wa kawaida hupewa mwaka mmoja au miwili ya kula majani, kisha habari yake inaisha. Huyu chuo kilimpa miaka mitano, na chuo kilipomaliza, foleni ya ajira ikamwongezea mingine. Mimi hupita huko milimani na mkoba wangu wa kushona miavuli, na kila nikipita namkuta kafungwa kwenye mgomba uleule, ndevu zimemfika kifuani, ananitazama kama mstaafu anayefuatilia mafao yake.

Habari ninayoiandika ni ya Koleta, si ya mbuzi. Lakini huwezi kuieleza ya mmoja ukaiacha ya mwingine.

Koleta ni mtoto wa tatu wa Aminieli, mrefu, mwembamba, anatembea haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Sekondari alisoma shule ya kata iliyo chini ya mlima, kwenye njia ya kuteremkia Maore. Wakati wake shule ile haikuwa na mwalimu wa fizikia. Kitabu kilikuwepo kimoja, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, kwa hiyo Koleta aliisoma fizikia kuanzia katikati. Akafaulu. Akaenda kidato cha tano na cha sita huko mbali, akafaulu tena, na alipoulizwa anataka kuwa nani, akasema anataka kuwa mwalimu wa fizikia wa shule ileile, awape watoto zile kurasa za mwanzo. Wenzake walitaka udaktari, wengine walitaka kupanda ndege. Yeye alitaka kurudi chini ya mlima. Ungedhani jambo dogo kama hilo halina wa kulizuia.

Sasa nieleze kozi yenyewe, kwa kadiri ya mtu aliyeishia darasa la nne. Zamani mwalimu wa sekondari alisoma shahada ya kwanza, akatoka akafundisha, na akipenda akarudi baada ya miaka kutafuta ya pili. Chuo alichokwenda Koleta, ambacho kiko mbali na sina sababu ya kukitaja, waliona huko kwenda na kurudi ni kupoteza nauli. Wakaziunganisha. Unaingia mara moja, unatoka nazo zote mbili. Miaka mitatu unasoma fizikia na hesabu, miwili inayofuata unasoma namna ya kumfundisha mtoto hiyo fizikia mpaka imwingie, na mwisho unapewa karatasi moja iliyobeba mzigo wote. Ni mpango mzuri. Nimeusikia ukielezwa na watu wengi na wote walisema ni mzuri, hata wale waliomwumiza Koleta kwa ajili yake.

Mwaka wa tatu ulipokwisha, vijana waliokwenda vyuo vingine siku moja na Koleta walirudi na majoho. Shangazi yake, Beatha, alikuwa na mwanawe Anaeli kati ya hao. Picha ya Anaeli na joho ilibandikwa sebuleni, nyingine dukani, na ya tatu ikatundikwa kwenye banda la kuku, nadhani kwa kuwa kuku nao walichangia. Beatha akamwendea kaka yake.

"Kaka, mwenzake kavaa joho. Wako anavaa nini?"

"Anavaa uvumilivu," Aminieli akajibu.

"Huo unapigwa picha?"

"Utapigwa ukiiva."

"Sema tu mtoto kafeli, kaka, tuombe pamoja. Kanisa lipo."

Aminieli si mtu wa kubabaishwa na dada yake, wala na mtu mwingine. Yeye ndiye mwenyekiti wa ndiva. Kwa asiyetoka kwetu, ndiva ni bwawa la mawe na udongo ambalo mababu walilichimba mlimani. Maji ya kijito yanaingia humo mchana kutwa na usiku kucha, asubuhi tundu la chini linazibuliwa, na maji yanashuka mferejini kwenda kwenye mashamba ya watu kwa zamu, mpaka huko chini kabisa. Kuichimbua tope ni msaragambo: pembe ikilia kila nyumba inatoa mtu na jembe. Na sheria ya ndiva kubwa kuliko zote ni hii: haifunguliwi kabla haijajaa. Atakayeifungua ikiwa nusu, faini yake ni mbuzi. Kwa miaka kumi na tisa Aminieli ameshika sheria hiyo kama watu wengine wanavyoshika komunyo. Amewatoza mbuzi watu watatu, na mmoja wao ni shemeji yake.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na ni kosa ambalo mtu wa nchi nyingine asingeweza kulifanya hata kwa kufundishwa.

Mwishoni mwa mwaka ule wa tatu chuo kilimpa Koleta fomu. Iliuliza jambo moja tu: je, unataka upewe cheti cha shahada ya kwanza sasa, cha katikati ya safari, au unaendelea hadi mwisho upewe kimoja cha zote? Ukitaka, weka alama hapa. Usipotaka, weka pale. Koleta akampigia baba yake simu. Ilimkuta Aminieli amesimama ukingoni mwa ndiva, anapima maji kwa macho.

"Baba, nichukue cha katikati?"

"Bado kuna kusoma mbele?"

"Miaka miwili."

"Sasa unafungua ndiva ya nini kabla haijajaa?"

Koleta akacheka, akaweka alama pale kwenye "sihitaji", akatia sahihi. Lilikuwa jibu zuri mno. Aminieli mwenyewe alilipenda, akalirudia mbele ya watu kanisani, mnadani, hata kwangu mimi nikimshonea mwavuli.

Miaka miwili ikapita, Koleta akarudi na karatasi yake. Mbuzi akaanza kutazamwa. Lakini Aminieli akasema, "Tusubiri apate kazi, tule mara moja." Mtu wa ndiva huyo, hata furaha anaifungua kwa zamu.

Basi Koleta akashuka Same kuomba kazi. Siku hizi kazi haiombwi ofisini, inaombwa kwenye mfumo, na mfumo unakaa steshenari. Kuna binti mmoja karibu na stendi anaitwa Nasrin, ana kompyuta mbili na mashine ya kutoa kopi, na nusu ya walimu wa wilaya ile wamepitia vidoleni mwake. Koleta mwenyewe ndiye aliyenisimulia walivyozungumza.

"Dada, mfumo unasema pakia cheti cha shahada ya kwanza."

"Ndiyo hiyo uliyoshika."

"Hii imeandikwa uzamili."

"Ya kwanza imo humohumo."

Nasrin akaigeuza karatasi akaangalia nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

"Imo wapi?"

"Nilizisoma pamoja. Ni kozi ya kuunganisha."

"Sawa, mimi nakuelewa. Mfumo ndio hauelewi. Una kisanduku cha kwanza na kisanduku cha pili, na cha pili hakifunguki mpaka cha kwanza kijae." Akafikiri kidogo. "Niipakie hiyohiyo mara mbili?"

Wakaipakia mara mbili. Mfumo ukajibu kwamba waraka umerudiwa, mwombaji awe mwangalifu.

"Kwa hiyo dada," Nasrin akasema, na hakusema kwa ubaya, "una mbili, ila moja huna."

"Ndivyo."

"Pole jamani. Ungekuwa na moja, mbona tungeshamaliza."

Koleta akaandikia chuo. Chuo kikajibu kwa adabu kwamba mwanafunzi aliyesema hahitaji cheti cha katikati anaweza kuomba kubadili kauli, na ombi lake litapelekwa kwenye kikao, na kikao kitakaa kitakapoitwa. Barua ilikuwa na nembo nzuri sana.

Aminieli akasomewa barua hiyo hadi mwisho. Alikwenda akambadilishia mbuzi mgomba.

Wakati huo kule shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mkuu wa shule, Mwalimu Jabiri, ni mtu wa Kiswahili na historia. Kidato cha nne kilikuwa na watoto arobaini na mmoja, mtihani wa taifa ni Novemba, na mwalimu wa fizikia hawakumwona tangu wakiwa kidato cha pili. Jabiri akawa anawaandikia noti za fizikia ubaoni kutoka kwenye kitabu, bila yeye mwenyewe kuzielewa, kama mtu anayebeba barua ya mwenzake. Mtoto akinyoosha mkono kuuliza, Jabiri anamwambia, "Andika kwanza, kuelewa kutakuja."

Koleta alipomfuata kusema atafundisha kwa kujitolea, Jabiri nusura amkumbatie. Akavuta fomu ya walimu wa kujitolea. Ilikuwa na sehemu mbili za kuchagua: mwenye shahada ya kwanza, aambatishe cheti, au mhitimu wa kidato cha sita, aambatishe cheti.

"Ya uzamili haipo?" Koleta akauliza.

"Haipo, mwalimu. Aliyeitunga hakufikiri mwenye uzamili angepotea njia mpaka huku."

Wakatazamana.

"Cha kidato cha sita unacho?" Jabiri akauliza, sauti imeshuka kama anaomba jambo la aibu.

"Kipo nyumbani."

"Kilete."

Hivyo ndivyo binti mwenye shahada mbili alivyoshuka ngazi, kidato hadi kidato, mpaka akakuta karatasi inayotosha mlangoni. Tarehe moja Machi aliingia darasani kama mhitimu wa kidato cha sita anayesubiri chuo. Shangazi Beatha akatangaza kote kwamba si alisema.

Watoto wenyewe hawakujali madam ni wa kidato gani. Waliona tu kwamba madam akiulizwa swali anafurahi, jambo ambalo lilikuwa geni. Alianza na kurasa za mwanzo. Kufika Julai, mtoto wa kike mmoja wa Maore aitwaye Saada alikuwa anabishana na makonda kuhusu mwendokasi wa gari, kwa hesabu.

Ndipo taarifa ikaja. Mdhibiti ubora wa shule anakuja. Wenyewe wamebadilishiwa jina, watu bado wanawaita wakaguzi. Na safari hii ana jambo maalumu: asiye na shahada asishike darasa la mtihani. Akimkuta, anamwondoa siku hiyohiyo.

Jioni ile nilikuwa barazani kwa Aminieli, nimepewa makande, namalizia mwavuli wa mama Koleta. Koleta akawaeleza wazazi wake. Alieleza kwa sauti yake ileile ndogo: kwamba ataondolewa darasani kwa kukosa shahada, na watoto arobaini na mmoja watarudi kwenye noti za Mwalimu Jabiri, miezi minne kabla ya mtihani.

"Mwambie ukweli huyo mkaguzi," mama yake akasema.

"Nitamwambia, mama. Hata mfumo niliuambia ukweli."

Aminieli alikuwa anachokoa udongo kwenye kucha kwa kijiti. Aliendelea kuchokoa kucha ambayo ilikwisha kutakata. Kisha akauliza, "Siku hiyo unafundisha nini?"

"Maji, baba. Nguvu ya maji na kina chake."

"Unahitaji nini?"

"Ningepata ndiva iliyojaa, na ndiva ya nusu, nikazilinganisha mbele yao, wangeelewa siku moja."

Mama akaweka kijiko chini.

"Iliyojaa utapata," Aminieli akasema, akaingia ndani.

Siku ikafika. Saa kumi na mbili asubuhi, ndiva imefurika hadi kwenye alama, Koleta alikuwa juu na watoto wake. Aminieli akazibua tundu, maji yakaruka, na pale mfereji unapodondoka waliweka pipa la lita mia mbili. Watoto wakahesabu kwa simu ya madam. Pipa lilijaa kwa sekunde tisa. Wakaandika. Maji yakashuka kwa wenye zamu, ndiva ikaisha, tundu likazibwa, ikaanza kujaa upya taratibu kwa ajili ya kesho. Kesho ilikuwa zamu ya Kassimu, mkulima wa mpunga kutoka Maore, ambaye alipanda mlima mapema kuja kulinda maji yake. Mtu wa chini siku zote hawaamini watu wa juu, na sisemi kwamba anakosea.

Mkaguzi alifika shuleni saa nne, mtu wa makamo, mpole, viatu vinang'aa. Akasoma mafaili mpaka saa saba. Kisha akasema anataka kukiona kidato cha nne kikifundishwa. Jabiri akamwambia kidato cha nne kiko mlimani. "Mlimani wanafanya nini?" "Fizikia, mheshimiwa." Akapanda na viatu vyake. Saa nane kasoro alifika juu anahema, akakuta watoto arobaini na mmoja, mwalimu wao, Aminieli amekaa kwenye jiwe la mwenyekiti, Kassimu amekaa mkabala naye, na mimi na sindano yangu.

Koleta akafundisha. Akauliza kwa nini maji ya chini yanasukuma kuliko ya juu. Wakajibu. Akaonyesha ile hesabu ya asubuhi, sekunde tisa. Mkaguzi alikuwa anatikisa kichwa kwa kupenda. Halafu akanyanyua kalamu.

"Mwalimu, hii ni ndiva iliyojaa. Ya nusu je? Bila ya nusu huna cha kulinganisha."

"Ya nusu haifunguliwi, mheshimiwa," Koleta akajibu. "Ni sheria ya huku."

"Ahaa," mkaguzi akasema, akaanza kuandika.

Sote tulikuwa tunaitazama ile kalamu. Aminieli aliitazama kuliko wote. Kisha akainuka kwenye lile jiwe, akapita ukingoni, akachungulia. Ndiva ilikuwa imefika nusu barabara, huwa inafika nusu saa hizo. Akashika gongo la kuzibulia.

"Mzee!" Kassimu akaruka. "Mzee Aminieli, unafanya nini? Hayo maji ni yangu ya kesho!"

"Nayajua ni yako."

"Imefika nusu tu!"

"Naona."

"Wewe si ndiye uliyenitoza mbuzi mwaka juzi kwa jambo hilihili?"

"Ndiye mimi. Na mwenye kufungua ikiwa nusu, faini yake ni mbuzi." Aminieli hakugeuka. "Mbuzi kafungwa pale chini kwenye mgomba. Nimemshusha tangu asubuhi. Kamfungue."

Tukageuka. Kweli, mbuzi wa mahafali alikuwa pale, ndevu zinapeperuka, anakula jani la mgomba bila habari.

Koleta alisema neno moja tu, "Baba." Mzee akamwambia, "Weka pipa, mwalimu. Maji hayasubiri."

Pipa likawekwa. "Kabla hajafungua," Koleta akawauliza watoto, "nani atabahatisha? Kina kimepungua nusu. Pipa litajaa kwa sekunde ngapi?"

"Kumi na nane, madam!" Saada akajibu, na darasa zima likakubali. Mkaguzi naye, nilimwona, alikubali. Mimi pia, kama ningeulizwa.

Gongo likapigwa, maji yakatoka. Hayakuruka kama ya asubuhi, yaliinama. Watoto wakahesabu kwa sauti, moja, mbili, mpaka kumi, kumi na moja, na pipa likafurika kwenye kumi na tatu. Likammwagikia mkaguzi viatu na suruali hadi magotini. Hakusogea.

"Kumi na tatu?" akauliza. "Mbona si kumi na nane?"

"Ndilo swali," Koleta akasema, na akacheka kwa furaha kama ndiyo kwanza amefika. Akalieleza. Sikulifuata lote. Nililofuata ni kwamba nusu ya kina haikupi nusu ya mwendo, kuna hesabu yake katikati, na watoto walipoipiga ile hesabu ilitoka kumi na mbili na kitu, yaani kumi na tatu kwa mtu asiye na makuu. Kisha akatuongoza kuyafuata maji mferejini. Yalitembea, yakapunguza mwendo, yakanywewa na udongo, na hata hayakuifikia kona ya chini. Kassimu alikuwa anayasindikiza kama maiti ya ndugu.

"Mmeona," Koleta akawaambia watoto. "Yangekuwa na kina chote, yangewahi kupita kabla mfereji haujayanywa. Waliotunga sheria hii walikuwa wanajua walichofanya."

Aminieli, aliyeishika sheria hiyo miaka kumi na tisa bila kuambiwa sababu, akasema, "Kumbe."

Faini ya ndiva huliwa hapohapo na waliohudhuria, ndiyo desturi. Kassimu akachinja ili tuweze kula sote, moto ukawashwa, na shughuli ikaanza. Nimekula mbuzi wengi katika kutembea kwangu. Huyu alikuwa wa aina yake. Kassimu alitafuna kipande kimoja muda wa kutosha kulima kitalu, akakitoa, akakitazama.

"Nyama hii imesoma sana," akasema. "Haikubali kutafunwa na mtu wa darasa la saba."

Mkaguzi alikuwa amekaa kwenye jiwe anakausha soksi. Akamwita Koleta, na Jabiri akasogea naye kama anayekwenda kusomewa hukumu.

"Binti yangu, tangu nianze kazi hii sijaona kipindi kama hiki. Faili linasema wewe ni wa kidato cha sita."

"Nina na cha chuo, mheshimiwa." Koleta akafungua mkoba akatoa ile karatasi. Alikuwa anatembea nayo kila siku, ndani ya nailoni mbili.

Mkaguzi akaisoma, tena taratibu, akavaa miwani akaisoma upya.

"Hii ni ya pili. Ya kwanza iko wapi?"

"Imo humo, mheshimiwa. Zilikuwa pamoja."

Akaigeuza akaangalia nyuma. Wote wanaangalia nyuma. Kisha akamrudishia kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa.

"Mimi nakuamini. Lakini fomu yangu haina pa kuandika ninachoamini. Ina 'anacho' na 'hana'." Akafikiri, maji yanamdondoka kwenye pindo la suruali. "Nitafanya hivi. Nitaandika: hana, lakini ana kipaji cha pekee, aachwe na darasa hili mpaka mtihani, kwa sharti kwamba ukiisha mtihani aende akasome. Hilo nina mamlaka nalo."

Jabiri akashusha pumzi niliyoisikia kutoka kwenye moto. Watoto wakapiga makofi bila kuruhusiwa. Saada akapiga na kigelegele.

"Nakushukuru sana, mheshimiwa," Koleta akasema.

"Na usiogope chuo," mkaguzi akaendelea, sasa amechangamka. "Siku hizi wamerahisisha. Kuna mpango mzuri, unaingia mara moja unatoka na shahada zote mbili, ya kwanza na ya uzamili. Umewahi kuusikia?"

"Ndio niliousoma, mheshimiwa."

"Basi unaujua! Kwako utakuwa mwepesi."

Akaandika, akatia sahihi, akavaa viatu vyenye maji, akashuka na Mwalimu Jabiri akimtangulia kumwonyesha pa kukanyaga. Watoto wakafuata. Kassimu alibaki kulinda tundu mpaka lilipozibwa tena, akaapa kwamba kesho, ijae isijae, atakuwepo kabla ya jogoo. Aminieli akamwambia ikijaa ndiyo itafunguliwa, sheria ni sheria.

Tukabaki sisi watatu na mifupa. Mzee alikuwa anakanda udongo wa kuzibia mianya, taratibu, mkono kwa mkono. Koleta akakaa karibu yake akaanza naye kukanda.

"Huo mpango wa yule ni miaka mingapi?" Aminieli akauliza.

"Mitano, baba."

"Na katikati, ile karatasi, wanatoa?"

"Ukitaka wanatoa."

Mzee akabandika bonge la udongo, akalipiga kwa kiganja mara mbili, akasikiliza kama panavuja. Hapakuvuja.

"Safari hii," akasema, "chukua."